Mbwa Ambaye Sikutaka Afe

Sipendi mbwa. Sikuwapenda utotoni na hata leo siwapendi. Kwetu, katika familia za Waislamu wa kando ya ziwa, mbwa akikugusa kwa pua yake yenye majimaji ilikuwa ni kwenda kunawa na kubadili nguo, na mama yangu hakuwa na mzaha katika jambo hilo. Lakini rafiki niliyempenda kuliko wote hapa Kalemie alikuwa na mbwa.

Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri. Mumewe alifanya kazi ya reli. Akipanda treni ya Kabalo aliweza kukaa huko majuma, maana enzi hizo za Zaire treni ilisimama popote ilipochoka. Yaya alibaki na watoto wadogo nyuma ya ua wa matete, na wezi wa wakati ule, wengine wakiwa na bunduki za serikali, hawakuogopa matete. Ndiyo maana alifuga yule dume wa rangi ya udongo. Alimpa jina la Kifaransa ambalo sikulitamka hata siku moja.

Tulishona pamoja sare za shule. Cherehani ilikuwa yake, mikono ya kukata ilikuwa yangu, kwa hiyo kila asubuhi ilinibidi niende kwake. Tulikuwa na mapatano. Nikifika mlangoni pa ua nilipaza sauti, “Yaya, funga!” naye alimfunga mbwa kwenye mpera nyuma ya nyumba kabla sijatia mguu ndani. Yeye alinicheka kwa uoga wangu, nami nilimcheka kwa kumpa mbwa ugali wa moto. Hatukugombana.

Kisha siku moja ya salongo, watu wakiwa barabarani wanafyeka majani na kuzibua mitaro kwa amri ya serikali, mbwa asiyejulikana alipita akiyumba, povu likimtoka mdomoni. Aliuma mbuzi, akauma mbwa wengine, mpaka wanaume wakamwua kwa majembe yale yale ya salongo. Tangu hapo, kwa hofu ya kichaa cha mbwa, mtaa mzima ulianza kuwatazama mbwa kwa jicho lingine. Nilimwuliza yaya habari za mbwa wake. Alinijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

“Yangu haikutoka. Ilikuwa kwa kamba tu.”

Nikamwamini.

Haukupita muda nilifika asubuhi, nikaita kama kawaida. Mtoto wake mmoja akajibu kutoka ndani kwamba mbwa amefungwa. Hakuwa amefungwa. Nilikuwa katikati ya ua, furushi la vitambaa kichwani, nilipomwona anatoka upenuni bila kubweka. Sikuwahi kukimbia. Alinishika kwa meno chini ya goti, kwa nyuma, akaachia, akarudi zake upenuni.

Yaya alitoka mbio. Akanikalisha, akachukua sabuni ya kufulia, akaniosha jeraha, maji juu ya maji. Halafu akanishika mkono mpaka kwenye zahanati. Muganga aliangalia meno ya mbwa yalipoingia, akauliza kama mbwa ana mwenyewe.

“Njo mimi,” yaya akasema, yaani ndiye yeye.

“Chanjo haiko,” muganga akasema. “Hata kwa hospitali kubwa haiko. Labda Lubumbashi, labda ng'ambo, Kigoma. Sasa musikie muzuri. Ile imbwa musiiue. Muifunge, muiangalie siku kumi. Kama iko na ule ugonjwa, itakufa ndani ya hizo siku. Kama inakula, inakunywa maji, inabakia muzima, basi na huyu Mama hana kitu.”

“Na kama inakufa?” nikauliza.

Alianza kupanga chupa zake mezani. “Tutafute ile chanjo,” akasema.

Kaka yangu alifanya biashara na watu wa Kigoma, akatuma neno kwa mashua ya kwanza iliyoondoka. Mimi kila asubuhi nilikwenda kwa yaya kumtazama mbwa. Nilikaa kwenye kibao mbali na mpera, nikamwangalia mdomo, macho, jinsi anavyosimama. Akiinamisha kichwa kunywa maji, nami nilipumua. Yaya alikaa barazani akijifanya anashona. Niliweza kusikia cherehani ikizunguka bila kitambaa.

Asubuhi moja kaka aliingia na panga, na nyuma yake wachukuzi wawili wa bandarini. Hakusalimu.

“Iko wapi ile najisi?”

Nilisimama mbele ya mpera. Mguu ulikuwa umevimba, nikajishikiza kwenye tawi. Nyuma yangu mbwa alianza kunguruma, na kwa mara ya kwanza maishani nilimpa mbwa mgongo.

“Kaka, rudi nyumbani.”

“Unatetea imbwa iliyokuuma? Weye, mutoto wa baba yetu?”

“Ukiiua leo, nani ataniambia kama nitakufa?”

Akasimama. Alitazama mguu wangu, kisha akamtazama yaya aliyekuwa amewakumbatia watoto wake mlangoni. Macho yalimjaa machozi, na kaka yangu hakuwa mtu wa machozi. Akawaambia wale wachukuzi watoke. Mlangoni pa ua aligeuka akamwambia yaya, “Mama, mutoto wetu akikufa, hautaishi huu mutaa.”

Walipokwisha kwenda, yaya akaja akachuchumaa karibu yangu.

“Mudogo wangu, nilikudanganya. Ilikata kamba. Usiku wa kuamukia salongo ilikata kamba, ikalala inje. Ilirudia na damu kwa sikio.”

Nilitazama sikio la mbwa. Lilikuwa na mpasuko ambao nilikuwa nimeambiwa ulitokana na waya. Nikaenda nyumbani nikichechemea, na njia nzima nilitamani ningemwacha kaka atumie lile panga, si kwa mbwa peke yake.

Hata hivyo niliendelea kwenda, ningefanyaje? Niliingia bila kumsalimu, nikakaa, nikatazama, nikatoka. Jibu la Kigoma lilikuja: chanjo hakuna.

Siku zikiwa zinakaribia kwisha, mbwa akakataa maji. Yaya alisogeza bakuli, mbwa akanusa, akarudi nyuma, akageuza kichwa. Akasogeza tena, hivyo hivyo. Kila mtu alijua mbwa mgonjwa anaogopa maji. Yaya alipiga magoti kwenye vumbi akaanza kusali kwa sauti, nami nilitamka shahada.

Mbwa alikuwa ametulia, ananitazama tu. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimsogelea mpaka pumzi yake ikanifikia miguuni, nikainama, nikachukua bakuli nikalinusa. Petroli, yaani mafuta ya taa. Watoto walikuwa wamechota maji kwa kopo la kujazia taa. Nilimwaga, nikasugua bakuli kwa majivu, nikachota mengine kisimani. Mbwa alikunywa mpaka bakuli likalia chini ya ulimi wake.

Yaya alicheka na kulia pamoja. Mimi sikucheka. Nilikaa chini pale pale, nikamwuliza, “Kwa nini ulinificha?”

“Nilijua ndugu yako atakuja. Na bwana yangu hayuko. Ile usiku ilikata kamba, wezi walivunja kwa jirani, njo ile imbwa iliwazuia kwangu. Nilifikiri juu ya watoto.”

“Na mimi?”

“Juu yako nilifikiri kisha.”

Jibu hilo liliniuma, lakini halikuwa uongo, na baada ya yale yote nilihitaji neno lisilo la uongo.

Siku alizosema muganga zilikwisha, mbwa akiwa mzima, nami mzima. Yaya alinipa chaguo: niseme tu, atampeleka mbwa kwenye mji wa Bendera kwa shemeji yake. Nilimwambia amwache, ila azungushe mpera kwa ua wa matete wenye mlango, na ufunguo wake nikae nao mimi. Akakubali. Ilichukua muda tuzungumze kama zamani. Mwanzoni tulizungumza vipimo tu.

Mbwa alikufa kwa uzee, miaka kadhaa baadaye, mume wa yaya akiwa safarini tena. Nilimsaidia kuchimba, ingawa kumbeba sikumbeba. Tulipomaliza nilimwambia pole. Yaya aliniangalia usoni, kama anatafuta dhihaka. Hakuiona, kwa sababu haikuwepo. Tukanawa mikono, kila mmoja kwa desturi yake, tukarudi barazani kukata kola za shule.