Mgomba wa Kasmir, Mtaa wa Sikukuu

Kasmir alizaliwa wa kati, na huko kwao Kibosho kuzaliwa wa kati ni mtihani. Ukiutazama mlima ule kutoka mbali utadhani una nafasi ya kila mtu. Ukiupanda ndipo unaona kila kipande kina mwenyewe, na baba wa mwenyewe kazikwa hapo hapo. Kihamba, ndivyo wanavyopaita: migomba, kahawa chini ya migomba, mfereji wa maji unapita, nyumba katikati, wazee wamelala pembeni. Baba akifa, kifungua mimba ana sehemu yake, kitinda mimba anabaki na nyumba na mama. Wa kati anapata baraka.

Zamani wa kati alikwenda kwa Mangi, mtawala wa huko, akaonyeshwa pori, akafyeka. Kasmir alipofikia umri wa kuonyeshwa, pori lilikuwa limekwisha. Akaposa mara moja, na baba wa binti akamsikiliza vizuri, akamkaribisha na pombe, kisha akamuuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, utamweka wapi? Mgongoni?"

Basi akapanda basi, akashuka Dar es Salaam. Akabeba magunia bandarini mpaka mabega yakamkataa, kisha akaingia soko la Kariakoo kuuza ndizi. Ndizi zenyewe zilitoka Uluguru, naye alizishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie kidogo. Mteja akimuuliza kama ni tamu, anajibu, "Zinalika." Wenzake wakamwambia biashara hiyo itamshinda. Haikumshinda, maana watu walimwamini.

Chumba alipanga Mtaa wa Sikukuu, kwa Bi Siwema. Huyu alikuwa mjane, mtu wa pwani wa asili, mama mnene mwenye sauti ya kuita feri irudi Magogoni. Marehemu mumewe, Mbaruku, fundi cherehani, alimwachia nyumba ile ya udongo na paa la madebe, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa mume, mtoto na kinga yake ya uzeeni. Shemeji yake Zahoro alikuwa na mazoea ya kuvuka kutoka Kigamboni, kukaa barazani na kuyahesabu maboriti ya dari kwa macho. Bi Siwema alipelekana naye hadi kwa Liwali kwa ajili ya nyumba ile, akamshinda. Lakini mtu aliyekwisha kuvutwa shuka akiwa amelala hulala akiishika.

Kasmir na Bi Siwema walipatana. Paa likivuja, Kasmir anapanda. Mwezi wa Ramadhani ukifika, bakuli la futari linamngojea mlangoni. Siku ya kwanza alikataa, akasema yeye Mkristo, hakufunga. Bi Siwema akamwambia, "Kula, we Mchaga. Njaa haikuulizi dini."

Alikwenda kwao mara moja tu kumwona mama. Asubuhi ya kurudi, yule bibi kizee aliingia migombani na jembe lake, akang'oa mche wa mshare, ile ndizi ya kupika ya kwao, akachimbua na vishina vya masale, akavifunga pamoja kwenye gunia bichi. Hakusema kitu. Angesema nini? Ardhi hakuwa nayo ya kumpa. Huko mwanamke hagawi ardhi. Ila mche wa mgomba hakuna anayeuulizia.

Akaupanda uani kwa Bi Siwema, nyuma ya bafu, maji ya kuoga yanapotokea. Mgomba ukashika. Mvua za masika zilipokwisha ulikuwa umempita kichwa. Na katikati ya furaha hiyo mkono wake ukafanya ambalo mikono ya kwao hufanya bila kutumwa: akachukua yale masale, aliyokuwa ameyaweka kwenye maji, akayapanda kuuzunguka mgomba, moja kila pembe, na mengine katikati kwa mstari.

Isale, moja la masale hayo, ni mmea wa majani marefu, mzuri wa kutazamwa. Bi Siwema aliuona akafurahi. "Afadhali," akasema, "uani nako kumepata maua."

Kasmir akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea.

Jumapili moja akaja kumtembelea Pantaleo, Mchaga mwenzake mwenye duka la vitambaa, mtu asiyejua kunong'ona. Walitoka misa pamoja. Akaomba kwenda uani kujisaidia, na huko Bi Siwema alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi.

"Kasmiiir!" Pantaleo akapiga ukelele, akicheka mpaka akashika ukuta. "Mwizi we! Umejipimia kihamba Kariakoo! Mpaka na mipaka umeweka!"

Mkono wa Bi Siwema ukasimama juu ya nazi. "Mipaka gani?"

"Si haya masale, mama. Kwetu isale ndio mpaka. Ukipanda isale, hapo ni pako, na haling'oi mtu. Hata Mangi analiogopa." Kisha akaona uso wa Kasmir, akajua amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Akaaga haraka, choo chenyewe hakukiingia.

"Kasmir," Bi Siwema akasema, "anasema kweli huyu?"

Angeweza kusema ni mzaha. "Kweli, mama."

"Na wewe ulijua, unapanda?"

"Nilijua." Akatazama chini. "Sikutaka nyumba yako. Naapa. Nilitaka tu pawepo mahali, hata padogo kama mkeka, nikisimama nisiwe nimesimama kwa mtu."

"Ukakata kwangu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Kasmir. "Zahoro alikuja na watu na maneno, nikamjua adui. Wewe umekuja na maua, nikakushukuru. Mwezi ukiandama, nipe chumba changu."

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na baridi ya Kibosho. Kasmir akiamkia "Shikamoo, mama," marahaba inajibiwa kuelekea ukutani. Chumba angepata, Ilala vilikuwepo, Gerezani vilikuwepo. Ila mgomba ulikuwa umeanza kutoa mkungu, na mgomba wenye mkungu hauhamishwi, ukiung'oa umeuua. Na mama aliyeuchimbua naye alikuwa amekwisha kuzikwa, kule kihambani kwa kitinda mimba. Hapakuwa na wa kumchimbulia mwingine. Sokoni mteja alimpa noti, akarudishiwa noti ile ile na ndizi juu yake.

Kwao liko jambo moja mtu hulifanya akiwa amekosa na hana la kujitetea. Hukata jani la isale, hulifunga fundo, hulishika mkononi na kwenda kusimama mbele ya aliyemkosea. Aliyeletewa hana budi kusamehe, hata kama damu imemwagika. Kasmir alijua vizuri kwamba Bi Siwema si wa mlimani na jani lile kwake ni jani tu. Lakini lingine la kufanya hakulijua. Asubuhi, kabla hajaenda sokoni, akaenda kusimama mlangoni kwake.

Bi Siwema akafungua, akaliona lile jani. "Nini tena? Umekuja kupanda na chumbani?"

"La, mama. Kwetu hili mtu huletewa kuombwa radhi."

"Si ndilo lile lile la mpaka?"

"Ndilo. Linalotenga watu ndilo linalowapatanisha. Sijui kwa nini, tumelikuta."

"Na anayeletewa akikataa?"

"Hakatai."

"Hata kama haki ni yake?"

"Hasa kama haki ni yake."

Bi Siwema akaegemea kizingiti. "Desturi ya ajabu. Mwenye kosa ndiye anakuja na nguvu." Lakini akalitazama lile fundo, na mtu mzima yule, mbeba magunia, aliyelishika kwa mikono miwili. Akashusha pumzi. "Tutakaa hapo barazani. Kamwite Mzee Fikirini."

Mzee Fikirini, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaja na kikombe chake cha kahawa mkononi. Wakakaa.

"Nataka usikie wewe, uwe shahidi," Bi Siwema akamwambia. Kisha akamgeukia Kasmir. "Bibi yangu alikuwa na minazi kule Kunduchi, kwenye shamba la mtu. Ardhi ya mtu, minazi ya bibi. Hawakugombana hata siku moja. Akitaka kuangua, anapiga hodi. Mwenye shamba akitaka dafu, anamwomba bibi. Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Umeelewa?"

Kasmir hakuelewa. Mti bila ardhi, kwake, ulikuwa sawa na kichwa bila shingo. "Mti utakuwaje wangu, na chini yake si pangu?"

"Hata mimi chini si pangu!" Bi Siwema akasema. "Nyumba yangu, kiwanja cha Serikali. Kila mwaka nakilipia kodi. Kesho Mzungu akitaka barabara, nabeba madebe yangu kichwani."

Kasmir akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Pole pole akaanza kucheka. "Kumbe, mama, na wewe ni wa kati."

"Wa kati nini? Usinitukane asubuhi."

Akamweleza. Mzee Fikirini akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Bi Siwema hakutaka kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Basi sikiliza," akasema akijifuta macho. "Masale yako unayang'oa wewe mwenyewe, leo, kwa mkono wako, sitaki mpaka ndani ya nyumba yangu. Mgomba ni wako. Na watoto wake, na watakaozaliwa. Mzee, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Mzee Fikirini. "Mgomba wa Mchaga."

Kasmir akayang'oa. Kila shina lililotoka alihisi kama linatoka kwake, maana tangu enzi za babu zake hakuna aliyewahi kung'oa isale na kurudi kulala vizuri. Alipomaliza ardhi ilibaki tupu, na mgomba ukaonekana mdogo, umesimama peke yake uani bila mwanzo wala mwisho. Hakwenda sokoni siku ile. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akiutazama, akijaribu kujua kama ana kitu au hana.

Jua lilipokuwa limepanda, moshi wa kuni umejaa uani, akasikia kandambili za Bi Siwema nyuma yake. Zikasimama mbali kidogo, mahali mpaka ulipokuwa.

"Hodi hapo, mwenye mgomba."

Kasmir akageuka. Katika maisha yake yote, mlimani na pwani, hakuna aliyewahi kumpigia hodi kwa kitu chake.

"Naomba jani moja, nifunikie wali."

Akabaki anamtazama.

"We Mchaga, nakuomba jani, umenitolea macho! Wali unaungua!"

"Kata, mama," Kasmir akasema, akisimama. "Kata hilo la chini. Hayo ya juu yaache, yanalea mkungu."