Mawe Yaliyopangwa Kama Viazi

Shule mimi niliishia darasa la nne, na sijaona imenipunguzia nini. Nyumba yangu mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, ina vigae mpaka barazani, na yote imetoka kwenye mashimo. Nimechimba vyoo na visima Kawetele, Isongole, kote huku. Nionyeshe kiganja cha udongo, nitakwambia umetoka kina gani. Kwa hiyo walipokuja watu wa mradi wa kutafuta joto la ardhini, na mashine yao ya kutoboa mwamba na kuutoa vipande vya mviringo kama miwa, nilichukua kazi ya kusimamia vibarua nikijua kabisa nani atamfundisha nani.

Mtaalamu wao alikuwa kijana wa mjini, buti safi kuliko sahani zangu. Mimi aliniita "mzee wa vyoo". Akiongea na vibarua haangalii mtu, anaangalia simu. Vile vipande vya mwamba hulazwa kwenye sanduku la mbao lenye mifereji, cha juu ardhini kikitangulia, cha chini kabisa mwisho, na katikati vibao vidogo vyenye namba za kina. Kazi ya kuviosha alipewa dada yangu mkubwa na mwenzake mmoja, wote wakulima wa viazi wa Isongole. Kibarua hicho dada nilimwombea mimi. Asubuhi moja kijana akawaambia, "Mama, osheni hayo mawe, myarudishe sandukuni vizuri." Akapanda kilimani kutafuta mtandao.

Sasa Isongole chochote kinachotoka ardhini hupangwa namna moja: makubwa huku, ya kati huku, madogo ya mbegu mwisho. Ndivyo walivyoyapanga. Na vile vibao vya namba vilikuwa vikavu, wakati kuni zote zimelowa mvua. Wakavichemshia chai.

Kijana aliporudi, uso ulimbadilika.

"Bosi anafika saa sita! Mama nyie mmeniua! Hii ni hujuma, nawapeleka polisi wote wawili!"

Dada, kikombe mkononi, akamwuliza, "Sasa baba, tumeiba jiwe gani? Hesabu, yote yapo."

Polisi! Mwanamke anayelisha wajukuu watatu kwa kibarua hicho alale mahabusu, kisa mwenye digrii ameshindwa kusimama pale nusu saa? Hata picha ya sanduku hakupiga. Picha alizokuwa nazo ni za sura yake.

"Acha kelele," nikamwambia. "Shika ndoo, ulete maji."

Akaleta. Nikatumbukiza vipande kimoja kimoja. Yale mawe mepesi yanayoelea nikayaweka juu, chini tu ya udongo mweusi, maana hata choo cha kina kifupi huku unayakuta. Likafuata jivu lililoganda. Kisha jiwe jeusi la volkano, lile linalovunja sururu. Kijana akachukua lenye vitundu, akataka kuliweka chini ya lile gumu.

"Uji ukichemka, povu linakaa wapi?"

"Juu."

"Basi na hili lilikuwa uji."

Kikafuata kipande cha udongo, upande mmoja mwekundu kama tofali, upande wa pili kahawia. Nikauelekeza wekundu juu. "Jiwe limepita juu yake likiwa moto, likauchoma. Tanuri la matofali hujawahi kuona?" Akasema chuoni waliwahi kusoma kitu kama hicho. Walisoma!

Chini ya hapo, kokoto za mto. Mafuriko yakitulia, mazito hutua kwanza na mchanga laini hubaki juu, kwa hiyo kubwa nikaziweka chini. Dada akapiga kofi. "Kumbe mto nao unapanga viazi!" Hapo tu ndipo hakukosea. Nikamalizia na tope jeupe la ziwa, lenye mistari myembamba kama kurasa za kitabu, na mwisho ule udongo wa kijivu unaoteleza kama sabuni na kunuka yai viza. Huo umepikwa na maji ya moto miaka na miaka. Mimi nikiukuta, natoka shimoni. Namba za kina kijana alizinakili kwenye vibao vipya kutoka daftari la mwendesha mashine, maana hizo ndizo zilizoandikwa humo, namba tupu, bila neno lolote juu ya mawe.

Bosi akafika, mama wa makamo, mpole. Akainama na kioo chake cha kukuzia, akapitia kipande kimoja baada ya kingine, akasimama kwenye kile chekundu.

"Kwa nini umekielekeza hivi?"

Kijana akamwaga tanuri langu la matofali. Akamwaga na uji wangu.

"Safi sana. Mfano huo umeutoa wapi?"

"Nimefikiria tu, mama."

Nilishafungua mdomo. Kisha nikamwona dada, nyuma ya mabeseni, anasokota pindo la khanga. Nikisema nimepanga mimi, swali la pili litakuwa nani aliyavuruga. Bosi akanigeukia.

"Na wewe, baba, kazi yako nini?"

"Nachota maji," nikasema. Ndoo nilikuwa nayo mkononi.

Mimi, ambaye hata choo cha jirani nikikichimba mtaa mzima unajua.

Tulirudi kwa bodaboda, mimi katikati, dada nyuma. Tulipofika kwenye mteremko akanigonga bega.

"Gwe, leo umenyamaza mbele ya wakubwa. Nilidhani unaumwa."

Akaniinamia sikioni.

"Ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu. Kesho tena naenda kuosha."

Nikamwambia dereva aongeze mwendo.