Nilimwambia Baba Kanda Imeshika

Nilikosa, na kosa langu lina sauti. Naisikia nikioga, nikipalilia mahindi, hata kanisani watu wakitulia kuomba. Nisikilizeni tu, msinihurumie!

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba Bukura, na redio kaseti yangu niliipenda kupita kiasi. Stima ikipotea nilitumia betri. Nikachoka kutupa betri kila mara, nikaenda Kakamega mjini kutafuta za kuchaji.

Mwenye duka alinionya. "Hizi ni nzuri, lakini huwanga zinaisha ghafla. Na mara ya kwanza, chaji mpaka kesho yake."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Mjuaji mimi! Nilizichaji kwa saa mbili tu, stima ikapotea, nikaona zinatosha.

Kesho yake nikaitwa nyumbani, Navakholo, nikaenda na redio yangu. Baba alikuwa amezidiwa. Miaka sita nyuma alimlaani kaka yangu mkubwa, nitamwita Were, walipopigana kwa sababu ya shamba. Were akahamia Mombasa, akaapa hatakanyaga boma lile akiwa na laana. Sasa Baba alitaka kuiondoa, na kwetu laana huiondoa yule aliyeitamka, kwa mdomo wake mwenyewe. Were hangewahi kufika.

"Leta hiyo mashini yako," Baba akasema. "Nitaongea humo, asikie ni mimi."

Kwetu hakukuwa na stima, lakini duka la barabarani lilikuwa na betri za kawaida. Sikununua! Niliona aibu kununua nyingine na zangu ni mpya.

Ilikuwa mchana. Baba aliegemea ukuta, akaanza na utoto wa Were, akacheka, akalia. Nikaona kanda inazunguka polepole. Halafu ikasimama kabisa, naye ndiyo kwanza anasema, "Were mwanangu, yale maneno niliyokutamkia..."

Akayaondoa yote, moja moja. Akatema mate ya baraka. Kisha akanigeukia. "Imeshika?"

"Imeshika yote, Baba."

Jamani, kwa nini nilisema vile? Nilijiambia amechoka, nitamwomba arudie kesho. Uongo! Niliogopa kuonekana mjinga mbele yake. Asubuhi Baba hakuamka.

Were alikuja baada ya mazishi, akaishia Kakamega mjini. Nikamchezea kanda kwenye chumba cha gesti, kwa stima. Mashini ilikuwa imerekodi ikivuta miguu, kwa hiyo sasa sauti ya Baba ilikimbia, ikawa nyembamba, ikawa ya mtoto mdogo anayelia. Halafu kimya.

Nikamwapia kwamba Baba alimsamehe. Nikamtajia kila neno.

"Na shamba limebaki kwa nani?" akauliza.

"Kwangu."

Akachukua koti lake akaondoka. Sijamwona tena! Barua zangu hajibu. Nusu ya shamba nimeiacha bila kulima, lakini nani atajua ni ya Were?

Ndugu yangu unayesoma, nunua betri unazotaka, ila zijaze, uzijaribu kabla hujaziamini. Na zikizima mtu akiwa bado anaongea, mwambie palepale kwamba zimezima! Mimi nilikuwa na jioni nzima. Nilimkorogea Baba uji, nikamnywesha kwa kijiko, nikakaa naye mpaka usingizi ukamchukua, na sikusema kitu.