Ufunguo wa Jikoni

Kikao cha kupanga likizo ya mlimani kilifanyika nyumbani kwa Mama Pamba. Ndugu zake hawakumfuata kwa heshima. Walimfuata kwa sababu mtunza nyumba za mlimani alikuwa mteja wake.

Mama Pamba hushona magodoro. Jina alipewa na wateja, maana hata akivaa nguo ya kutokea humkosi na nyuzi za pamba kichwani. Kila mwaka kabla ya kiangazi, mzee anayetunza zile nyumba za mbao humletea magodoro yaliyobonyea. Yeye huyafumua, huichapa pamba kwa fimbo mpaka ifufuke, kisha huyashona upya kwa sindano ndefu kuliko kidole. Milima yenyewe hajawahi kuiona. Anachokijua ni mashimo ya migongo ya watu waliolala huko.

Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Aliachishwa shule darasa la pili ili awabebe wadogo zake. Wadogo wakasoma, yeye akabaki na mgongo. Mume naye alimwacha akaenda kulala kwingine, tena juu ya godoro alilolishona Mama Pamba kwa mikono yake. "Angalau analala vizuri," husema, na ole wake atakayecheka.

Likizo iliyopita ndugu walikwenda ziwani. Mama Pamba alikaa jikoni siku saba, na ziwa aliliona mara moja tu, alipokwenda kusugua sufuria. Kwa hiyo safari hii alikata shauri moyoni: ama atakwenda kama dada, ama haendi. Na wakimrudisha kwenye sufuria, undugu utaishia mlangoni. Hakumwambia mtu. Aliyezoeleka kwa ndiyo, siku akisema hapana hupelekwa hospitali.

Sasa, wiki moja kabla ya kikao, mtunza nyumba alikuja kuangalia magodoro yake, akakaa juu ya gunia la pamba na kumweleza masharti. Kule kuna jiko kubwa la kuni. Mwaka fulani wageni walipokezana kupika, kila mmoja akadhani mwenzake anauangalia moto, nyumba ikanusurika kwa mvua. Tangu siku hiyo, ufunguo wa jikoni hupewa mtu mmoja, naye huusainia. Huyo peke yake ndiye huwasha jiko, hupika na kuulinda moto. Wengine hawakanyagi jikoni mpaka siku ya kuondoka.

"Kwenu atakuwa nani?" mzee aliuliza.

"Njoo siku ya kikao uchukue magodoro," Mama Pamba alisema. "Utampata."

Siku ikafika. Mdogo wake wa kiume alikalia godoro ambalo halijafungwa, akazama mpaka magoti yakamfika kifuani, na bado akakohoa kama mkuu wa mkoa. Familia humwita Mwenyekiti, maana hata chai hainywi bila kwanza kufungua kikao. Kando yake alikaa mkewe, wifi wa Mama Pamba. Huyu, mama mkwe wake alipofariki, machozi ya watu hayajakauka, tayari alikuwa ameshauning'iniza kiunoni ufunguo wa kabati la marehemu. Mkabala naye, karibu na mlango, alikaa Kitindamimba, mdogo wao wa mwisho, ambaye ufunguo ule hajausamehe hadi leo.

"Ajenda ya kwanza," alisema Mwenyekiti. "Vyumba."

"Chumba cha juu chenye dirisha la bondeni ni chetu," alisema wifi. "Kaka yenu ana kifua."

"Kifua tunacho wote, wifi," alisema Kitindamimba. "Mwenzio hata pumu hana, ana maneno tu."

"Na dada je?" aliuliza Mwenyekiti.

"Dada kuna kile kijichumba karibu na jiko," wifi alisema kwa sauti ya asali. "Si anaamka mapema? Tusimsumbue na ngazi."

Mama Pamba alikuwa anashona pembe ya godoro. Hakuinua kichwa.

"Sawa," alisema. "Lakini kuna ufunguo wa jikoni. Mtunza nyumba anataka mtu mmoja tu wa kuushika, asaini. Karatasi aliyoiacha ile pale, someni. Mimi nafikiri nishike mimi."

Wifi alishaanza kupeleka mkono kiunoni bila kujijua.

"Wifi yangu," alisema, "wewe utakuwa na sufuria, vyakula, watoto wanalia njaa. Na ufunguo tena? Hapana. Wewe pika, mimi nitakushikia."

"Kwa nini wewe?" Kitindamimba alidakia. "Kila kufuli ya ukoo huu lazima ilale kwako? Nitaushika mimi."

"Wewe simu yako tu unaitafuta huku umeishika."

"Simu yangu inanihusu. Kabati la mama lilituhusu wote."

"Wifi, mama yenu mwenyewe alinipa."

"Alikupa lini, wifi? Wiki yake ya mwisho hata maji alikuwa hayajui."

"Tuheshimiane kikaoni," alisema Mwenyekiti kutoka shimoni mwake.

Mama Pamba alivuta uzi ukalia. "Msigombane. Someni kwanza hiyo karatasi, muone imeandikwa nini."

"Dada, mambo ya kusoma tuachie sisi," alisema wifi, akaivuta karatasi kabla mkono wa Kitindamimba haujaifikia. Zilikuwa nakala mbili. Akasaini ya kwanza, akasaini ya pili, akapigia mstari jina lake chini kama anayefunga mzigo.

Mtunza nyumba alikuwa uani akipakia magodoro. Aliingia, akatazama saini, kisha akamtazama wifi kuanzia kucha zilizopakwa rangi hadi viatu.

"Umeyasoma masharti, mama?"

"Mzee, mimi ni mtu wa ofisi."

"Haya, ufunguo utaukuta kule," alisema mzee. Akakunja nakala moja, akaitia mfukoni, akachukua godoro lake la mwisho akaenda zake. Gari lake likasikika likipanda barabara.

Mwenyekiti alitaka nakala iliyobaki isomwe ili iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Akaisoma mwenyewe, kwa sauti ya hotuba. Alipofika "aliyesaini ndiye pekee atakayewasha jiko," sauti ilipungua. Alipofika "na atapika milo yote," ikawa kama ya mgonjwa. "Mtu mwingine yeyote haruhusiwi kuvuka mlango wa jikoni" aliisoma kimyakimya, kisha akampa mkewe karatasi.

Kitindamimba alijifunika uso kwa pamba, mabega yakimtikisika.

"Wifi," alisema mke wa Mwenyekiti polepole, "wewe hii ulikuwa unaijua?"

"Nilielezwa. Kusoma mimi sijui, nasikia tu. Ndiyo maana nikasema someni. Mara mbili."

"Basi mpigie mzee. Mwambie abadilishe jina."

"Nitampigia." Mama Pamba aliichoma sindano kwenye godoro, akapangusa mikono, akatoa simu. "Bado hajafika mbali. Nimwambie aandike jina la nani?"

Mwenyekiti alichunguza mshono wa godoro alilokalia. Jina lilikuwa moja tu katika vinywa vyote, na mwenyewe alikuwa mbele yao na simu mkononi, anangoja. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulitamka. Lilikuwa linajipika lenyewe.

"Semeni. Vocha haitoshi ya kungoja."

Kitindamimba ndiye aliyetangulia kuinamisha macho, na kile kicheko kikamwisha. "Acha, dada," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Usipige. Ufunguo ana aliyeutaka."

Mwenyekiti akakohoa. "Sasa dada, wewe kule utakuwa unafanya nini?"

"Nitalala. Nikiamka nitakaa dirishani nione hayo mabonde yenu. Chumba cha juu nakichukua mimi, na Kitindamimba akitaka aje tulale wote, vitanda ni viwili. Wewe na mkeo kaeni karibu na jiko. Kuna joto, zuri kwa kifua."

Wifi aliisoma tena karatasi, safari hii neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

"Moto wenyewe unawashwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja alfajiri, ukitaka watu wapate chai ya saa moja. Kuni za chini zikiwa mbichi utalia, lakini ni moshi tu, hauui."

"Utanionyesha?"

Mama Pamba aliichomoa sindano, akalenga tundu kwa ncha ya uzi, jicho moja limefumbwa.

"Nitakuelekeza, wifi. Nitapaza sauti kutoka juu."