Mikono Themanini ya Kushoto

Katika karakana ya kushona sare za shule, mkata vitambaa aliitwa Mkasi Mmoja, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kurudia kukata. Kisha mwili ukaanza kumsaliti polepole. Mchana wa jua kali alijifunika sweta. Nywele zilibaki kwenye kitana, sauti ikakwaruza, na akiinama kuchora kwa chaki usingizi ulimjia wima wima.

"Au una habari njema, mama?" wenzake walimtania.

"Kwa miaka hamsini na mmoja? Nendeni huko!"

Daktari alimpima damu, akamwambia tezi ya shingoni imelegea, lakini kidogo tu. "Uko mpakani, mama. Hujafika pa kupewa dawa. Rudi baada ya miezi mitatu."

"Tezi?" mpiga pasi alishangaa aliposikia. "Si maradhi ya akina babu hayo?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka, maana kulia kungemchosha zaidi.

Wiki moja kabla ya siku ya kurudi, alitandika kitambaa cha mashati. Katika kazi yao matabaka hutandikwa mawili mawili yakitazamana, ili mchoro mmoja utoe mkono wa kulia na wa kushoto. Siku hiyo akili ililala macho yakiwa wazi. Akayatandika yote uso juu, akakata. Ikatoka mikono themanini, yote ya kushoto.

Msimamizi, ambaye zamani alifundishwa kazi na mama huyu, aliokota mmoja akaugeuza mara kadhaa.

"Shangazi, mimi kosa hili ulinichapia rula."

"Ni ugonjwa, mwanangu."

"Basi niletee barua ya daktari, na meza itabaki yako. Bila barua, mwenye karakana hatanielewa."

Alikwenda hospitali na tumaini hilo moja. Majibu yalikuwa yale yale.

"Afadhali, hayajapanda," alisema daktari.

"Nipe dawa hata kidogo, nijaribu."

"Vipimo haviruhusu. Tutapima tena baada ya miezi sita."

"Basi niandikie barua ya kazini."

Daktari akaandika kwa upole na kwa haraka. Mama akaisoma kwenye benchi la ukumbini, kila mstari mara mbili, kwa kuwa siku hizi maneno yalimponyoka: vipimo vimepotoka kidogo, hahitaji matibabu kwa sasa, anaweza kuendelea na kazi zake. Aliikunja, akaitia mkobani. Hakuwa na nyingine ya kupeleka.

Msimamizi aliisoma amesimama.

"Inasema u mzima, shangazi."

"Inasema vimepotoka."

"Kidogo. Mwenye karakana atasoma mstari wa mwisho, kisha ataniuliza: kama si ugonjwa, ni nini?"

Msimamizi alishindwa kumtazama usoni. Kabla ya saa nne meza ilikuwa ya binti aliyekuwa akishona kola, na mama akapewa kopo la vifungo.

"Sogea huku kwangu, mama, pana joto," alisema mpiga pasi, na mara hii hakufanya mzaha.

Akasogea. Alishona vifungo saba. Cha nane kilimkuta amesinzia, sindano ikiwa vidoleni, na hakuna aliyeona haja ya kumwamsha.