Samaki Aliyeyeyuka Karaini mwa Asiya

Mnanichosha. Kila nikiandika habari za mtu wa kwetu, mnauliza: alikuwa diwani? Alikuwa shehe? Hakuwa. Asiya wa Msambweni alikuwa mkaanga samaki, basi. Miaka ile bendera mpya imepandishwa juzi tu, yeye ni mjane, na karai ndilo lililowalisha wanawe.

Shemeji yake Seifu, ndugu wa marehemu mumewe, aliyemposa akakataliwa, alikuwa baharia kwenye meli ya watafiti. Walikuwa wakishusha nyavu mbali huko, pima elfu na zaidi. Siku moja akamletea samaki kwenye gunia la barafu. Mrefu kama mkunga, amepauka, vijicho kama punje za mtama, utumbo umemtokea mdomoni, na chini ya kidevu nyuzi mbili kama ndevu.

"Shemeji, huyu umemtoa wapi?"

"Chini kabisa, kwenye tope na giza. Macho ya nini huko? Hizo nyuzi ni mapezi, anapapasia chakula."

"Na huo utumbo?"

"Kavutwa juu ghafla, kavimba."

"Mbona wenyewe hawakumla?"

"Wametia wa kuwatosha kwenye chupa. Huyu waliniambia nimtupe."

"Ukaona pa kumtupa ni kwangu!"

Asiya alicheka, lakini moyo haukutulia. Uso ule ulimtisha, akakata kichwa akakifukia uani. Hapo alikosea. Kwa wakaanga wa pale, kichwa cha samaki mkubwa hukaa mbele ya sinia, mteja ajue anachokula.

Chiku, mteja wake wa kila siku, hakukiona. "Shoga, kichwa kiko wapi?"

"Kimeharibika."

Vipande vikaingia kwenye mafuta. Vikatoa maji, vikalegea, vikaisha. Zikabaki ngozi na miiba. Samaki wa kina kile nyama yake ni kama ute, lakini Asiya angejuaje?

"Audhubillahi!" Chiku akapiga ukelele. "Unatukaangia jini?"

Neno likaenea mtaani, na jioni Asiya hakuuza hata kipande. Kesho yake vilevile. Akaanza kuwaza: Seifu anataka karai lizimike, nimkubali kwa njaa.

Akafukua kichwa, akakiosha, akakiweka mbele ya sinia la samaki changu. "Haya, jini lenu hilo. Litazameni."

Chiku akainama, akaziba pua. "Lahaula! Ndevu kama za Alfani muuza tui!"

Watu wakacheka, wakanunua. Lakini tangu hapo Seifu hakukaribishwa hata chai, mpaka Asiya anazikwa.

Sasa wewe, kama babu yako alifanya kazi kwenye meli ile, muulize: Seifu aliambiwa amtupe yule samaki kweli, au alimchagua makusudi? Niandikie anachosema.