Kitufe Kilichong'aa Mno

Siku ya kwanza kazini niliingia na ndoo na tambara la kudekia. Studio ilikuwa Karatu mjini, nyuma ya gereji, chumba kimoja chenye mapazia mazito na joto la mashine. Mwenye Studio, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa mbele ya kompyuta akipachika majina ya bwana na bibi harusi juu ya picha. Akageuka akaniuliza, "Mama, unajua kusoma?"

"Najua, ila polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe."

Alicheka mpaka kiti kikalia. Akaniambia niweke ndoo chini nitazame kioo cha kompyuta. Maandishi yakaja yanazunguka, yakasimama kidogo, yakaruka yakapotea.

"Haya, bibi harusi anaitwa nani?"

"Sijui, amekimbia kabla sijamfikia."

Tangu siku hiyo hakuna maandishi yaliyotoka studio ile kabla sijayasoma mara mbili kwa mwendo wangu. Yakinikimbia, yanarudishwa na kurefushwa. Nilianza kazi hii nikiwa kipimo, kama debe la kupimia mahindi, na sioni aibu kusema hivyo. Niliishia darasa la nne. Wajukuu wangu wakiwaambia watu kwamba bibi alikuwa mhariri wa video, watu hudhani nilikaa chuo. Chuo changu kilikuwa yule mnene, ambaye alinifundisha huku ananitukana, na kila tusi lilikuwa na somo ndani yake.

Alinifundisha mstari wa muda, ule ukanda mrefu chini ya kioo ambao juu yake unalaza vipande vya video ukivikata na kuviunga. Alinifundisha tabaka: picha ikiwa chini, maandishi unayaweka juu yake kama blanketi juu ya blanketi, na la juu ndilo linaloonekana. Alinifundisha kufifisha, yaani kuileta picha taratibu kama kunavyokucha huku kwetu milimani kwenye ukungu. Kuifanya kompyuta iunganishe yote iwe video moja, sisi tuliita kupika. Ukishapika, hakuna kuongeza chumvi.

Miaka ikaenda, harusi zikaanza kurekodiwa na kila mtu kwa simu yake, na studio ikafungwa. Nikachukuliwa na kampuni moja ya watalii iliyokuwa inafundisha madereva kuomba vibali vya kuingia Ngorongoro kwa kompyuta. Hapo ndipo nilipokutana na kurekodi skrini. Huhitaji kamera. Kompyuta au simu inajirekodi yenyewe: kila unachofungua, kila unachobonyeza, yote yanabaki kama video. Kazi yangu ilikuwa kuichukua video hiyo, ambayo ikiwa mbichi haieleweki kabisa, na kuifanya isomeke.

Maana kishale kwenye kioo ni kidogo kuliko siafu. Mtu anakuambia "bonyeza hapa", wewe unatafuta hapa ni wapi, tayari ameshafika kwingine. Kwa hiyo unavuta karibu sehemu inayohusika mpaka ijae. Unazungusha duara jekundu. Unaweka mshale. Unatia ukungu kwenye namba za siri za watu zisionekane. Unaandika maneno machache, makubwa, chini, na unayaacha mpaka mtu kama mimi ayamalize.

Mkuu wa Mafunzo pale alikuwa mzee wa Mbulu, mkavu, hana mzaha. Siku moja niliweka nyota zinaruka kuzunguka kitufe. Akatazama, akavua miwani.

"Mama, hizi nyota zinafanya nini?"

"Zinapendezesha."

"Efekti ni kidole. Kidole hakichezi ngoma, kinaonyesha. Toa."

Nilizitoa kwa hasira. Alikuwa sahihi, nami nikawa hodari. Madereva walikuwa wananitania getini, "Bibi Mshale, leo umetuonyesha wapi?" Nilijivuna, na bado najivuna.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa mradi wa mifugo, na sababu ya kuandika yote haya iko hapo.

Mradi ulitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wafugaji wa Ngorongoro. Mnyama akiugua, unafungua programu, unagusa picha ya mnyama, unagusa picha ya ugonjwa, halafu unagusa kitufe cha Tuma. Ujumbe unamfikia Bwana Mifugo kwenye simu yake na anakuja na dawa. Ndigana, ile homa ya kupe, haisubiri. Ukimwahi ndama siku tezi zinapoanza kuvimba, unamwokoa. Ukichelewa, unachuna ngozi. Mambo yote yalisimama hapo, kwenye ujumbe kufika mapema. Programu yenyewe haikuhitaji kusoma hata herufi moja, ila ilihitaji watu wafundishwe, na mimi ndiye niliyepewa video ya kuwafundisha.

Mratibu wa mradi alikuwa dada kutoka Dar, mwepesi wa akili na mwema kwa watu. Mara ya kwanza niliweka ile rekodi ndani ya mchoro wa simu, na mkono umeishika. Mratibu akaitazama kwenye simu ndogo, zile wanazotumia wengi.

"Mama, picha zimekuwa kama punje za ulezi. Nusu ya kioo tumempa mkono."

Nikaichukua simu nikatazama. Kweli, hata mimi sikuona kitu. Tukaitoa ile fremu, tukaijaza rekodi kwenye kioo chote. Maandishi hatukuweka, kwa sababu wengi wa kule hawasomi. Badala yake nikafanya kila picha ya kugusa ing'ae inapofika zamu yake: mwanga unatoka katikati, unapanuka, unarudi, kama kaa la moto linapopulizwa. Na mwisho, baada ya Tuma, nikaweka tiki ya kijani na mlio wa kengele, ile wanayovalishwa ng'ombe. Kengele yenyewe niliirekodi kwa jirani yangu, kwa ng'ombe wake wa maziwa. Ofisi nzima ilipiga makofi. Mratibu akasema, "Mama, hapa hata mtoto ataelewa."

Video ikasambazwa. Ikaenda kwenye simu za watu kwa kadi za kumbukumbu, kwa kurushiana, mnada kwa mnada.

Msimu wa ndigana ulipopita, nikatumwa pamoja na Bwana Mifugo kwenda Kakesio kuona watu wanaitumiaje. Tulifika kwenye boma la mjane mmoja, Naserian, mama wa umri wa binti yangu mkubwa. Nikamsalimu, "Takwenya." Akaitika, "Iko," akatukaribisha chai ya maziwa. Nilikuwa bado sijakaa nilipoona ngozi zimewambwa chini kwa vigingi, kubwa na ndogo. Bwana Mifugo alizitazama bila kuuliza ni ngapi, kwa kuwa kule si adabu kuhesabu mifugo ya mtu, hata iliyokufa.

Chai ilipokwisha akauliza, "Mama Naserian, mbona hukuniita?"

Naserian alimtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. "Nilikuita."

"Sikupata kitu."

"Wewe, nilikuita! Ndama alipovimba hapa," akajishika chini ya sikio, "nilipanda kile kilima cha mtandao. Nikagusa ng'ombe. Nikagusa tezi. Nikagusa Tuma. Kengele ikalia. Nikakaa kukungoja wewe, na wewe hukuja."

"Labda ulibonyeza vibaya, mama."

"Basi nifundishe kubonyeza vizuri, wewe mwenye mkono wa serikali."

Wanawake waliokuwa wanashona shanga pembeni wakacheka, na Bwana Mifugo naye akacheka kidogo. Naserian hakucheka. Akatoa simu kwenye fundo la shuka, akaifuta, akakaa katikati yetu ili tuone wote.

Alifungua video yangu.

Nilidhani anatuonyesha alikojifunzia. Picha ya ng'ombe ikang'aa, naye akaigusa kwa kidole. Sasa, kwenye simu yake, ukigusa video inasimama. Ikasimama.

"Unaona?" akasema. "Imenisikia."

Akagusa tena. Video ikaendelea. Picha ya tezi ikang'aa, akagusa, ikasimama. "Imesikia." Akagusa, ikaendelea. Kitufe cha Tuma kikang'aa, kikapanuka, kikarudi. Akakigusa kwa nguvu, kidole kikabaki pale, halafu akakiondoa na kugusa tena. Tiki ya kijani ikatokea. Kengele ikalia, na mtoto aliyekuwa mlangoni akageuka kutazama kama kuna ng'ombe anaingia.

"Haya," Naserian akasema. "Sasa niambieni nimekosea wapi."

Bwana Mifugo alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Yule mama hakukosea hatua hata moja. Alipanda kilima kama tulivyomwelekeza. Alisubiri mwanga kama tulivyomwonyesha. Programu yenyewe ilikuwa ndani ya simu ile ile, haijafunguliwa tangu ilipowekwa, maana kwa nini aifungue? Kwake programu ilikuwa ndiyo hii inayong'aa, inayomsikia akigusa, inayompa kengele.

Bwana Mifugo akamweleza taratibu, nusu Kimaasai, nusu Kiswahili. Ilichukua muda. Niliona pale alipoelewa, kwa sababu aliigeuza simu, kioo kikalala pajani.

"Kwa hiyo kule juu," akasema, "nilikuwa naongea na picha."

"Ndiyo, mama."

"Na kengele?"

Nikajibu mimi. "Kengele niliiweka mimi, mwanangu. Ni ya ng'ombe wa jirani yangu Karatu."

Akanitazama sana. Nilingoja anifukuze, na ningeondoka. Akasema, akiniita bibi kwa Kimaasai, "Video hii umetengeneza wewe, koko?"

"Ni mimi."

"Ni nzuri sana," akasema. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Alimaanisha. Akainuka akaenda kuchochea moto.

Nimesifiwa na wengi kwenye kazi hii, na maneno yao nimeyasahau. Hayo ya Naserian sijayasahau.

Tuliporudi Karatu, Mratibu alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Halafu akaniambia, "Mama, rudisha ule mkono." Nikaurudisha. Video mpya niliitengeneza na simu iliyochorwa, mkono umeishika, na vidole vinavyoonekana ni vya mtu mwingine, si vya mtazamaji. Picha tulizikuza tulivyoweza. Mwanga nikauondoa, nikaweka duara la kawaida. Kengele nikaitoa. Mwanzoni sauti ya mama mmoja inasema kwa Kimaasai: hii ni picha ya simu, usiiguse, itazame kwanza, halafu fungua programu yenyewe. Ni video inayochosha kutazama, nami naiona kuwa ndiyo kazi yangu bora, ingawa hakuna aliyeipigia makofi.

Naserian, ukoo wake ulimchangia mtamba, ndiyo desturi yao kwa mtu aliyeondokewa na mifugo. Lakini mtamba huyo alikuwa bado hajazaa, hakuwa na maziwa ya kuwapa watoto mwaka ule, na ndama wake waliokufa hawakurudi.

Nimestaafu kwa sababu ya macho. Sasa hivi mstari wa muda nauona kama barabara ya Oldeani wakati wa vumbi. Vijana mnanijia nyumbani na laptopu zenu, mnaniuliza kuhusu fonti na rangi na mipito ya kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Nawajibu, na chai nawapa. Lakini ninachowaambia hamkipendi. Mnapotengeneza somo la skrini, mnalijaribu kwa nani? Kwa wenzenu wa ofisini, ambao tayari wanajua programu ni ipi na video ni ipi. Mimi, kipimo cha Mwenye Studio, nami nilikuwa nimeshakaa ofisini muda mrefu mno. Nilijaribu kama macho yanaona. Sikungoja kuona kidole kinakwenda wapi. Mpeni mtu simu, mkae kimya, mtazame kidole chake. Msimsaidie. Kama Mratibu na mimi tungekaa Kakesio asubuhi moja tu, na simu moja, kabla ya kupika! Gari lilikuwepo. Mafuta yalikuwepo.

Na kingine, video ikishatoka hairudi zizini. Ile mpya tuliituma kote, tukawaomba watu wafute ya zamani. Wengine walifuta. Lakini yenye kengele ndiyo watu wanayopenda kurushiana.

Juzi mkwe wangu anayelima Digodigo, mtu wa heshima sana, alinipigia akiwa na furaha.

"Shikamoo mama. Nimekutumia kitu kwenye simu. Nimeambiwa ni kazi ya mikono yako!"

Nikaifungua. Kabla haijafika mwisho nilishajua.

"Baba," nikamwambia, "hiyo ifute."

"Mama, mbona? Nina mbuzi, itanisaidia. Ile nyingine tuliyoletewa haina hata mlio. Hii ndiyo nzuri."

"Ndiyo nzuri. Ifute sasa hivi nikiwa nakusikia. Na aliyekupa mpigie, naye aifute."

Nikamsikia akihangaika na simu.

"Yangu nimefuta, mama. Ila aliyenirushia ni mtu tu tuliyekaa naye mnadani. Hata jina sikumuuliza."